Kutu ya Upande wa Kushoto

Mardell Tesch alikuwa amevuka miaka sitini alipofanya kazi kwa mara ya kwanza ndani ya banda la boti la mume wake. Si kwamba alikuwa amekatazwa. Huku kwetu ziwani hakuna mume anayemkataza mkewe kuingia bandani. Mke mwenyewe anajua tu kwamba pale si pake, kama vile mume anavyojua kwamba hana ruhusa ya kufungua tanuri keki ikiwa ndani. Mardell alikuwa akifika mlangoni, anagonga, anaweka kikombe cha kahawa juu ya pipa, anarudi zake. Ndoa ya miaka arobaini na ushee, na hakujua spana zinakaa droo gani.

Kilichomwingiza ni barafu. Mwezi wa Machi mwaka ule, Orville alitoka kwenda kuchukua gazeti kwenye sanduku lililo kando ya barabara, akateleza, akaangukia mkono wa kulia. Akafungwa plasta kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko. Sasa sikiliza: huyu ni mtu aliyeendesha lori la kumwaga chumvi barabarani maisha yake yote ya kazi. Kila theluji ilipoanguka alikuwa wa kwanza kutoka, akiyeyusha barafu ya wilaya nzima ili watu wasivunjike viuno, lakini njia ya mlangoni kwake hakuitilia hata punje. Chumvi, alisema, inakula kila kitu. Aliona malori mapya yakiliwa mpaka sakafu zikatoboka, na hakuitaka kwake. Basi akaanguka, na kijiji kizima kikacheka, kwa adabu. Kuna mzee mmoja alimpelekea kanisani kikopo cha chumvi ya mezani kilichofungwa utepe mwekundu. Orville alikipokea, akasema asante, wala hakutabasamu.

"Na boti?" Orville alimuuliza Mardell jioni ya siku aliyofungwa plasta, akiutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Nani atasugua vyuma?"

"Mwaka huu viache."

"Viache? Mwanamke, ukiviacha mwaka mmoja tu, mwakani hakuna boti."

Boti yenyewe ilikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu. Ilikuwa boti ya kuvuta watu, ile ambayo mtu anashika kamba nyuma yake, anasimama juu ya mbao mbili na kuteleza juu ya maji. Ukizaliwa ziwani huku unajifunza jambo hilo kabla hujajua kusoma. Mwili wake ulikuwa mweupe wenye mstari wa kijani. Vyuma vyake, yaani vishikio viwili virefu vya pembeni, fremu ya kioo, ngazi ya nyuma na nguzo fupi ya katikati ya kufungia kamba, vilikuwa vya kile chuma cha pua kinachouzwa kwa ahadi kwamba hakishiki kutu.

Kumbe kilishika. Mwaka wa saba huu, kila kiangazi kilipofika katikati, vitone vya kahawia vilitokea juu ya vyuma vile, kwanza vichache, halafu vingi, halafu michirizi ikateremka juu ya rangi nyeupe. Na kila majira ya kuchipua Orville alijifungia bandani, akasugua. Hakumwambia mtu yeyote anasugua na nini, wala hakuna aliyemuuliza.

Jambo ambalo kila mtu alijua ni hili: kutu ile ilimpotezea Orville mwanawe. Dale, mtoto wao wa pekee, anakaa mji wa Wausau na ni fundi wa injini. Mwaka ule baba yake alipostaafu, Dale alikuja mwezi wa Machi, akaifunga boti nyuma ya pikapu, akaenda nayo kwake ili aifumue injini yote na kuijenga upya. Ilikuwa zawadi, na hakutaka hata pesa ya mafuta. Akairudisha Aprili, injini ikiguruma vizuri kuliko siku iliponunuliwa. Lakini ilikuwa imepita barabarani kwenda na kurudi wakati chumvi bado imelala njiani, na ilifika imefunikwa ukoko mweupe toka mbele hadi nyuma. Orville hakuigusa injini. Aliona ukoko tu.

Julai, kwenye sikukuu ya Uhuru ya tarehe nne, Dale alikuja na mkewe na binti yao Kirsten, wakati ule mtoto wa miaka minane. Kutu ilikuwa imetoka. Mardell alikuwa jikoni, dirisha liko wazi, anakatakata viazi vya saladi, akasikia wanaume wawili wanaanza.

"Umeiharibu kwa chumvi yako!" Orville alisema.

"Chumvi yangu? Na aliyeimwaga barabarani ni nani, Baba? Si wewe, miaka yote hiyo?"

Halafu Orville akasema kitu kwa sauti ya chini, na Mardell hakukisikia. Alipotoka na bakuli lake, Dale alikuwa ameshamweka mtoto garini na mkewe anakusanya taulo. Hawakula. Tangu siku ile Dale hakukanyaga tena ziwani. Mardell alikwenda Wausau peke yake mara moja moja, akisingizia kumtembelea binamu, na kila alipomgusia Dale habari hiyo, Dale alimjibu, "Muulize Baba." Alipomuuliza Orville, jibu lilikuwa neno moja, chumvi. Watu wana midomo mizito huku kwetu, nami sioni sababu ya kuwasifu kwa hilo. Mardell alikuwa anazeeka, mumewe anaanguka anguka, na kitu pekee alichokitaka duniani ni kumwona mwanawe ameketi tena mezani pake. Aliamini kwamba kutu ndiyo iliyowatenganisha.

Basi Aprili ilipofika, akavaa ovaroli la zamani la Orville, akaingia bandani. Orville akaketi kwenye kiti cha kukunja karibu na mlango, mkono wake wenye plasta juu ya mto, akaanza kutoa amri.

"Tuanze na skrubu za kishikio cha kushoto. Tia mafuta kwanza. Usiwe na haraka."

"Sina haraka."

"Ile ya tatu ina ukaidi."

"Naijua familia yake," Mardell alisema.

Ile ya tatu ilikataa kweli. Aliitia mafuta, akaingoja, akaigonga kichwa taratibu kwa nyundo, akaitia bisibisi, haikucheza.

"Usiilazimishe! Utakata kichwa. Igeuze kwanza kama unaikaza, unywele mmoja tu, halafu ifungue. Ehe. Rudia. Ehe!"

Skrubu ikalia, ikazunguka. Ilikuwa nyembamba katikati pale ilipoliwa. Mardell aliishika kwenye mwanga, akapendezwa. Hakuwa ametarajia kupendezwa. Wakatoa skrubu zote, wakaweka mpya, wakazipaka gundi ya kuzuia maji chini ya vichwa, na kwa muda wote huo Orville alisahau kununa. Alimsifu mara mbili, jambo ambalo si dogo kwa mtu wa namna yake.

"Sasa kusugua," alisema. "Kopo la bluu, rafu ya juu."

Mardell akashusha kopo, akalifungua. Ndani mlikuwa na vibunda vya stilwaya, ile ya kusugulia masufuria, vimejipanga vizuri, vingine vimeshaanza kuwa vyekundu.

Akasimama nalo mkononi. Hebu nikwambie kazi aliyokuwa akifanya Mardell. Miaka yake yote kabla ya kustaafu aliosha matangi ya maziwa katika kiwanda cha jibini, matangi makubwa ambayo mtu anaingia mzima mzima, yote ya chuma kile kile cha pua. Siku yake ya kwanza kazini, msimamizi, Bwana Zastrow, aliwasimamisha wasichana wapya kwenye mstari, akawaonyesha kibunda kimoja cha stilwaya, akakitupa kwenye pipa la taka. Nikimkuta mtu na kitu hiki humu ndani, alisema, asinisumbue kuniaga. Kwa sababu stilwaya ni chuma cha kawaida. Ukisugulia, inaacha chembe ndogo ndogo usizoziona, zinajichomeka kwenye kile chuma kizuri, maji yakizifikia zinaoza, na zinaanza kuozesha na kile kilichokuwa kizima. Ukiona kutu ukasugua zaidi, unapanda nyingine. Kila msichana wa kiwanda kile alilijua hilo kabla hajajua choo kiko wapi.

"Unasugua na hii?" akauliza.

"Ndiyo. Mpaka mkono uwake moto."

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Umeanza lini kutumia stilwaya, Orville? Zamani ulikuwa unafuta kwa kitambaa. Mimi ndiye niliyekupa vitambaa. Fulana zako zote za zamani."

Orville akafikiri. "Tangu mwaka ule wa chumvi. Kitambaa hakikutosha. Ilibidi niing'oe chumvi yote, mpaka kwenye pembe."

Hapo Mardell akaelewa. Maji ya bomba tu yangeiondoa ile chumvi. Dakika chache na mpira wa bustani, basi, imekwisha. Mzee huyu, kwa hasira ya chumvi, alijifungia humu na kopo lake, akaipandikiza kutu kwa mkono wake mwenyewe, akaimwagilia kila mwaka, na kumbebesha mtoto wake lawama. Alitaka kulitupa kopo lile kichwani pake. Nasema kweli, alilipima uzito.

Lakini alimjua mtu wake. Ukimwambia Orville Tesch kwamba amekosea, atakwambia sababu kumi na mbili za kwa nini hukuelewa. Kwa hiyo alifunga mdomo. Alichukua stilwaya, akasugua kishikio cha kushoto kama alivyoamriwa, kwa nguvu, Orville akimhimiza, "Bonyeza! Bonyeza bila kukihurumia!" Kikang'aa. Orville akaridhika, akaingia ndani kulala kidogo, kama kawaida yake baada ya chakula cha mchana.

Mardell akakimbilia chumba cha kufulia. Alikuwa na mfuko wa unga wa asidi ya limau, ule ule wa kiwandani, anaoutumia kuondolea magamba kwenye birika. Akaukoroga katika maji ya moto, akachukua dodoki la plastiki, jipya, lisilowahi kugusa sufuria. Akarudi bandani, akakipaka kishikio cha kulia, akakiacha kikae, akakisugua polepole, akakisuuza, akarudia tena na tena mpaka vitone vya kahawia vikayeyuka. Kikang'aa vile vile. Ukiviangalia viwili pamoja usingejua tofauti. Akalisukuma mpaka nje trela lililobeba boti, na turubai hakulitandaza.

"Umesahau turubai," Orville alisema asubuhi yake, akiwa dirishani.

"Nitalitandaza baadaye."

Hakulitandaza. Mvua ilikuja, ile ya majira ya kuchipua isiyo na haraka, ikanyesha wiki nzima na kupita. Orville alilalamika kila asubuhi na kila asubuhi Mardell alikuwa na jambo lingine la kufanya: soseji za karamu ya kanisani, nguo za kukunja, paka wa jirani. Akaitwa mvivu. Akaitwa mwanamke asiyejua thamani ya kitu. Akaendelea kukunja nguo.

Jua lilipotoka, akamshika mkono ule mzima, wakatoka wote wawili kwenda kwenye boti.

Kishikio cha kushoto kilikuwa kimejaa vitone vya kahawia, toka mwanzo hadi mwisho, kama yai la ndege wa porini. Cha kulia kilikuwa safi. Orville alizunguka boti, akarudi, akazunguka tena. Alipitisha kidole juu ya cha kulia, akakinusa kidole.

"Umeona?" alisema mwishowe. "Huku kulia ulisugua kwa bidii. Kule kushoto ulikuwa unalegea. Nilikwambia ubonyeze!"

Jamani! Mardell alicheka. Alicheka mpaka akajishikiza kwenye trela, akacheka huku machozi yanamtoka, na Orville akakasirika, akauliza kuna nini cha kuchekesha.

"Huku kulia sikugusa stilwaya, Orville. Hata mara moja. Nimetumia dodoki na limau. Stilwaya iko kushoto. Yote iko kushoto, kama ulivyotaka."

Akamweleza. Alimweleza taratibu, kama Zastrow alivyowaeleza wao, chembe kwa chembe. Orville hakumkatiza. Alipomaliza, Orville akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo mwaka ule ningeimwagia maji tu?"

"Maji tu."

Orville akatazama ziwa. Barafu yote ilikuwa imekwisha. Akaingia bandani, akatoka na lile kopo la bluu chini ya kwapa, akalitia kwenye pipa la taka, akafunika. Akaingia ndani kunywa kahawa. Siku kadhaa zikapita hivyo. Alikula, akalala, akasoma gazeti kuanzia bei ya maziwa hadi matangazo ya misiba, na Mardell akaanza kuamini kwamba limeishia kwenye pipa la taka, na kwamba mtu huyu atakufa na neno lake tumboni. Akamchukia kidogo. Alishangaa jinsi chuki ile ilivyokuwa nyepesi, jinsi ilivyokaa naye huku akimkatia nyama kwenye sahani kwa sababu ya ule mkono.

Jumapili, baada ya ibada na baada ya viazi, Orville akasukuma sahani.

"Namba ya Dale ni ipi?"

Hakuijua. Namba ya mtoto wake. Mardell akaenda kwenye simu ya ukutani, akaizungusha ile namba, akampa mkono wa simu. Masikio ya Orville yalikuwa yameharibiwa na ngurumo ya lori, kwa hiyo sauti ya simu ilikuwa juu kabisa, na kila aliyekuwa jikoni alisikia yote.

"Hallo?"

"Dale. Ni mimi."

"Mama amepatwa na nini?"

"Hana kitu. Yuko hapa, ananiangalia."

"Ooh." Dale akashusha pumzi. "Haya."

"Barafu imeondoka mapema mwaka huu."

"Nimesikia."

"Huko mmepata mvua?"

"Tumepata."

"Hata sisi," Orville alisema. Akahamisha uzito toka mguu huu kwenda huu. "Ile kutu ya boti. Haikuwa chumvi. Ni mimi. Nilisugua na stilwaya. Mama yako amenionyesha."

Mardell akaziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo. Alidhani sasa limekwisha. Alidhani sasa Dale atacheka, atasema yamepita, atauliza boti inaingia majini lini.

"Baba," Dale alisema, "mimi sijawahi kukasirikia kutu. Vyuma vinashika kutu. Mimi ni fundi, unafikiri sijui?"

Orville akageukia ukuta.

"Unakumbuka ulichoniambia?"

"Nakumbuka."

"Kiseme."

Mardell aliona shingo ya mumewe inakuwa nyekundu. Alidhani atakata simu.

"Nilisema kila unachoshika kinaoza," Orville alisema.

"Na nilikuwa nimemshika nani mkono?"

Orville akafumba macho. Mardell akakalia kiti kilichokuwa karibu. Miaka yote ile yeye alikuwa akiilaani chumvi.

"Tulipofika barabara kuu," Dale alisema, "Kirsten akautoa mkono wake mkononi mwangu, akauangalia. Akaniuliza, 'Na mimi je, Baba?' Nilisimamisha gari. Sikujua nimjibu nini. Nikamwambia Babu alikuwa anatania. Baba, yeye si mjinga, aliona hukuwa unatania."

Saa ya ukutani ilikuwa ikigonga na hakuna aliyeisikiliza. Orville alijaribu kuhamishia simu mkono mwingine, akakumbuka plasta, akairudisha.

"Yupo?" aliuliza.

"Yupo. Lakini ni mkubwa sasa. Ana mambo yake."

"Mpe simu."

"Utamwambia nini?"

"Sijui. Mpe simu, Dale. Tafadhali."

Mardell hakumbuki kumsikia mumewe akilitumia neno hilo la mwisho kwa mtu yeyote asiyekuwa daktari. Zikasikika hatua, mlango, sauti ya muziki ikipunguzwa, minong'ono. Orville akasema hallo, kisha ikaja sauti ya msichana, nzito kidogo, ya mtu aliyekatizwa kitu.

"Hallo? Naongea na nani?"

Kirsten hakuwa anamkomoa. Hakuijua ile sauti, basi.

"Unaongea na Orville Tesch," alisema Orville, kwa sauti ile anayotumia kwa watu wa kampuni ya umeme. Kisha akaanza upya. "Ni babu yako. Siku moja ulipokuwa mdogo nilisema jambo baya juu ya baba yako, mbele yako. Halikuwa kweli. Sijui kama unalikumbuka."

"Nalikumbuka," Kirsten alisema.